Kiharusi Hakianzii Bafuni

Ukiuliza huku kwetu Kipawa, Dar es Salaam, mgonjwa wa kiharusi alipatwaje, utajibiwa kwa neno moja: ghafla. Jana alikuwa mzima, alicheza drafti kijiweni mpaka saa tatu usiku, akala, akalala. Alfajiri akaingia bafuni kuoga, watu wakasikia kishindo na ndoo ikibiringika. Walipovunja mlango wakamkuta chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa kilicholowa. Majirani wakajaa uani. Mmoja akasema kateleza, kajigonga kisogo. Wa pili akasema ni maji ya baridi, kayaanzia kichwani badala ya miguuni. Wa tatu, mama mtu mzima anayesikilizwa mtaani, akasema kwa sauti ya chini kwamba bafu lile lina wenyewe.

Nimeisikia habari ya namna hii mara nyingi, na kila mara lawama hubebeshwa bafu. Mambo yamegeuzwa. Yule bwana hakupata kiharusi kwa sababu ameanguka. Ameanguka kwa sababu kiharusi kimeshampata. Na saa ile ya alfajiri ina maelezo yake: presha ya damu hushuka mtu anapolala na hupanda anapoamka, ndiyo maana viharusi vingi hutokea tangu alfajiri hadi kabla ya adhuhuri. Sasa saa hizo Mswahili yuko wapi? Yuko bafuni au chooni, anajiandaa kuwahi kazini au msikitini. Ule ujumbe wa WhatsApp unaotufundisha kuanza kuoga miguu ili kukwepa kiharusi unaweza kuufuta. Oga unavyopenda. Ninachotaka tukiangalie ni hiyo miaka kumi iliyopita kabla ya ile asubuhi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa humo.

Kwanza tujue kiharusi ni nini, maana neno lenyewe tunalitumia ovyo. Ubongo unalishwa na mishipa ya damu. Mshipa mmoja ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka na damu ikavujia ndani ya kichwa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa kwa dakika. Kama ndiyo sehemu inayoendesha mkono, mkono unalala. Kama ndiyo inayotunga maneno, maneno yanapotea. Kuziba ndiko kunakotokea zaidi, kupasuka ndiko kunakoua haraka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na hata daktari bingwa hawezi. Kinachotofautisha ni picha ya CT scan. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Je, tatizo ni kubwa kiasi gani kwetu? Hapa Dar es Salaam tuna bahati ya ajabu kidogo: ni moja ya miji michache ya Afrika ambako watu wamehesabiwa kweli. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006 watafiti wakiongozwa na Richard Walker, daktari Mwingereza, pamoja na wenzao Watanzania akiwamo Profesa Ferdinand Mugusi, walifuatilia jamii mbili: moja sehemu za jiji letu, nyingine Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro. Hawakukaa wodini kusubiri wagonjwa. Walihesabu pia wale waliouguzwa majumbani na waliokufa kabla ya kufikishwa popote, maana hao ndio ambao vitabu vya hospitali haviwajui. Walipata viharusi 636: Dar es Salaam 453 na Hai 183. Kwa mwaka ilikuwa kama watu 108 katika kila watu 100,000 wa jijini, na 95 kule Hai.

Ukiishia hapo utasema mjini na kijijini ni mamoja. Lakini Dar ni jiji la vijana. Wazee wengi wamerudi kwao au hawakuondoka kabisa. Hai ina wazee. Kulinganisha jumla hizo mbili ni sawa na kulinganisha mvi za wanafunzi wa sekondari na mvi za baraza la wazee. Watafiti walipozisawazisha hesabu ili watu wa umri mmoja walinganishwe na wa umri huo huo, Hai ilibaki kwenye 109 na Dar es Salaam ikaruka hadi 316. Yaani mtu wa mjini alikuwa katika hatari ya karibu mara tatu ya mwenzake wa migombani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, na kwa miaka hiyo kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa popote.

Tuilete hesabu hiyo mtaani. Chukua kata yenye watu 50,000, ukubwa usio wa ajabu kwa upande wetu huu wa Barabara ya Nyerere. Kwa kiwango kile cha jumla, watu 54 kwa mwaka, mmoja kila wiki. Wiki hii Karakata, wiki ijayo jirani na kituo cha daladala, wiki nyingine nyumba ya nyuma yako. Na hizo ni hesabu za miaka ishirini iliyopita, kabla bodaboda haijatuondolea hata ule mwendo mfupi wa kutembea hadi barabarani.

Sasa ile miaka kumi ya kimya. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, uliwapima presha watu wazima wa Ilala, wilaya hii hii ambayo Kipawa imo, na wa kijiji cha Shari huko Hai. Kati ya waliokutwa na presha ya juu, waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika mmoja kati ya watano. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Waliokuwa wameidhibiti ikakaa chini ya 140 kwa 90 hawakufika mmoja katika mia. Soma sentensi hiyo tena ukiwafikiria watu mia unaowafahamu. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Kwa hiyo kwenye daladala ya watu thelathini inayotoka Gongo la Mboto asubuhi, abiria saba wanayo, na wengi wao wangekuapia kwamba wako fiti.

Wanaapa kwa sababu presha haiumi. Hapa ndipo tunapokosea kuliko mahali pengine popote. Tunaamini presha ikipanda utaisikia: kichwa kitagonga, moyo utaenda mbio, macho yatatia ukungu. Wengine hupata hayo, wengi hawapati chochote. Mtu anatembea na 180 kwa 110, anabeba gunia, anacheka. Mishipa ndani inakakamaa na kuchakaa taratibu kama bomba la maji lililofungwa pampu kubwa kuliko uwezo wake. Siku likipasuka tunasema ghafla.

Basi ushauri wa kwanza ni kupima, na kupima vizuri, kwa sababu kupima vibaya kunaleta hasara mbili: kumtisha asiye mgonjwa na kumtuliza aliye mgonjwa. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa nikamtazama kaka mmoja akipimwa. Kaingia anahema, katoka juani, kikombe cha kahawa chungu bado kiko mkononi. Kakalishwa kwenye kistuli kisicho na egemeo, kifungio kikavishwa juu ya mkono wa shati la jinzi, mkono ukining'inia, huku yeye akibishana kwa simu kuhusu mzigo wa mtu. Mashine ikasoma 162 kwa 98. Muuzaji akamwambia, "Kaka, wewe ni mgonjwa wa presha," akamtolea vidonge. Inawezekana kweli alikuwa nayo. Lakini kipimo kile hakikuthibitisha kitu.

Kipimo cha haki kinataka hivi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili ikanyage chini, usipandishe nne. Tulia dakika tano bila kuongea. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara, na kojoa kwanza. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo. Kifungio kiendane na mkono. Mkono mnene ukifungwa kifungio kidogo utasoma juu kuliko ukweli. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati. Ukikuta 140 juu au 90 chini, au zaidi, rudi siku nyingine upime tena kabla hujaitwa mgonjwa. Ila ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, usisubiri siku nyingine: nenda kamwone daktari siku hiyo hiyo, na kama kuna dalili yoyote mwilini, nenda saa hiyo hiyo. Zahanati za serikali zinapima, vituo vya afya vinapima, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huweka banda la upimaji Sabasaba kila msimu wa maonyesho. Ukiwa na miaka 40 na kuendelea, au hata chini ya hapo kama baba au mama yako alipooza, pima angalau mara moja kwa mwaka.

Ukishathibitishwa, dawa. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kijiweni ni kwamba dawa za presha ukizianza huachi. Ni kweli kwa wengi, lakini hazikufungi kama pombe inavyomfunga mlevi. Presha yenyewe ndiyo isiyoondoka. Dawa inaishikilia tu, na ukiiachia inarudi pale pale. Mtu anameza wiki tatu, anapima, anakuta 128 kwa 80, anafurahi, anaacha kwa kuwa "amepona". Yule aliyekutwa bafuni mara nyingi ukikagua kabati lake utakuta paketi ya vidonge iliyotumika nusu.

Vidonge vingi vya presha vinavyotolewa hapa, kama amlodipini, humezwa mara moja kwa siku. Vibandike kwenye jambo ambalo hulisahau: karibu na mswaki, au na kikombe cha chai. Kama fedha ndiyo tatizo, usiwe na haya ya kumwambia daktari. Zipo dawa za bei nafuu za miaka mingi zinazofanya kazi nzuri tu, na ni afadhali kidonge cha bei ndogo unachokimeza kila siku kuliko cha bei kubwa unachokimeza siku za mshahara. Kama kinakuvimbisha miguu au kinakukohoza, rudi ubadilishiwe. Wanaume wengine huacha kimya kimya kwa sababu ya mambo ya chumbani. Na hilo nalo lina ufumbuzi, ukilisema. Kuazima dawa ya jirani usithubutu, hata kama presha zenu zinasoma namba moja. Figo zenu si moja.

Chumvi inahitaji aya yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, chumvi yote ya siku ikiwa humo. Huna haja ya mizani. Nyumba ya watu watano ikifuata kipimo hicho itatumia gramu 25 kwa siku, kwa hiyo paketi ya nusu kilo itakaa siku 20. Na hapo hatujahesabu chumvi iliyomo kwenye mkate na tunayokula nje ya nyumba, kwa hiyo kwa haki ingepaswa kukaa mwezi mzima. Andika kwa kalamu tarehe kwenye paketi siku unapoifungua. Ikiisha ndani ya siku kumi, tayari una jibu lako.

Tena chumvi ya jikoni ni nusu ya habari. Nyingine iko kwa mama lishe, kwenye kile kikopo cha mezani ambacho mtu hukikung'uta kabla hajaonja. Iko kwenye chipsi, zinazonyunyiziwa zikiwa za moto ili zishike. Iko kwenye mihogo ya kukaanga, embe bichi la pilipili, samaki ng'onda, na vile viungo vya paketi vya kutia ladha kwenye mchuzi. Na iko kwenye magadi. Wengi wanaojisifu kwamba wamepunguza chumvi bado wanatia magadi kwenye maharage na mlenda, wakati magadi nayo yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha. Loweka maharage usiku, yataiva bila magadi. Tembele, mchicha, ndizi na machungwa tunavyo tele na vinausaidia mwili kupambana na chumvi. Hapo Mungu ametupendelea kuliko nchi nyingi. Sisi ndio tunaopita genge la mboga tukienda kupanga foleni ya chipsi.

Presha haiko peke yake. Walker na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wa kiharusi wa Dar es Salaam na Hai na majirani zao wazima, wakatoa matokeo mwaka 2013. Waliowahi kuugua moyo walikuwa na uwezekano wa mara saba na zaidi. Wenye VVU mara tano na nusu hivi. Ilikuwa miaka ambayo dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zinaanza kuwafikia wananchi, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kutoruka dozi leo. Wenye mafuta mabaya mengi kwenye damu mara nne na nusu. Wavutaji sigara karibu mara tatu. Wenye presha mara mbili hivi. Msomaji makini atauliza: mbona basi unatupigia kelele za presha wakati ndiyo ya mwisho kwenye orodha? Kwa sababu ya wingi. Mgonjwa wa moyo mtaani ni mmoja mmoja, mwenye presha yuko kila nyumba. Hatari ya wastani inayogusa robo ya watu inajaza wodi kuliko hatari kubwa inayogusa wachache.

Kisukari kinaharibu mishipa ile ile, kwa hiyo siku unayopima presha omba na kipimo cha sukari. Pombe nyingi inapandisha presha, hata ikiwa ya mwisho wa wiki tu. Kuna makundi mawili ambayo mara nyingi tunayasahau. Moja ni watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na kiharusi kinaweza kumpata mtoto wa miaka sita. Mzazi anayemwona mwanawe ameanza kuburuta mguu asidhani ni maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake. Ahudhurie kliniki, na aulize kuhusu dawa ya hydroxyurea. La pili ni wajawazito. Presha inayopanda wakati wa mimba inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba na kiharusi papo hapo, na mama aliyewahi kuwa nayo anapaswa kuendelea kupima hata baada ya mtoto kuanza shule.

Tuje kwenye wale “wenyewe” wa bafuni, yaani majini. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti juu ya namna watu wa Dar es Salaam na wa Hai wanavyokieleza kiharusi. Ungetegemea watu wa kijijini ndio wangezungumzia mashetani na wa mjini wangezungumzia presha. Ilikuwa kinyume: Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo, ilhali Dar es Salaam, yenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, ndiyo iliyotaja majini na uchawi, na ndiko mganga alikokuwa wa kwanza kuitwa. Mimi sishangai. Ugonjwa unaompiga mtu upande mmoja tu wa mwili, ukamnyang'anya ulimi akabaki anakutazama, lazima utafutiwe mwenyewe. Na jirani mwenye chuki mjini hakosekani.

Sikwambii umwache shehe wala mchungaji. Ninachosema ni mpangilio. Kisomo hakina saa. Kinasomeka hata kitandani Muhimbili. Ubongo una saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa hospitali zenye uwezo wa kuitoa, ambazo nchini ni chache mno, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT scan kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Hata dawa hiyo ikikosekana, saa za mwanzo ndizo za kupima sukari, kuangalia presha kwa uangalifu, na kumkinga mgonjwa asipaliwe chakula kikaingia mapafuni. Mgonjwa anayeletwa siku ya nne akiwa na chale na makombe anaweza kutibiwa, lakini kilichokufa kichwani hakifufuki.

Kwa hiyo siku ikifika nyumbani kwako, fanya hivi. Mwambie acheke: mdomo ukienda upande mmoja, ni dalili. Mwambie ainue mikono yote miwili, afumbe macho: mmoja ukishuka, ni dalili. Mwambie ataje majina ya watoto wake: akiburuta ulimi, akichanganya au akinyamaza, ni dalili. Moja kati ya hizo inatosha. Kuna pia kupoteza macho ghafla, kizunguzungu cha kushindwa kusimama, na kichwa kuuma kwa ukali ambao hajawahi kuusikia maishani. Angalia saa, na uliza ni lini mara ya mwisho alionekana mzima. Si saa mliyomkuta. Ni saa ya mwisho aliyokuwa sawa. Hilo ndilo swali la kwanza la daktari na mara nyingi familia nzima hukosa jibu.

Usimpe maji, uji wala glukosi. Koo linaweza kuwa limepooza. Usimpe aspirini, maana kama mshipa umepasuka utaongeza kuvuja, na hapo uani huwezi kujua. Usimweke kidonge cha presha chini ya ulimi ili ishuke haraka. Ubongo uliokosa damu ukiushushia presha kwa pupa unauzidishia njaa. Wala usimtoboe vidole kwa sindano kumtoa damu, ule ushauri mwingine wa WhatsApp. Kama hana fahamu, mlaze ubavu ili matapishi yatoke.

Usafiri usiwe bodaboda kwa kumkandamiza katikati ya watu wawili. Gari la jirani, teksi, hata bajaji, alale kwa ubavu kichwa kimeshikwa. Namba 115 ya kuita gari la dharura, tuliyoizoea, ilianzishwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, hivyo kwa mgonjwa wa kiharusi usitegemee gari hilo. Kubalianeni mapema, mkiwa wazima, nani mwenye gari mtaani atapigiwa simu saa kumi alfajiri. Na mjue mnakwenda wapi. Kuzunguka zahanati tatu ambazo hazina CT scan, kila moja ikiandika rufaa, ndiko kunakomaliza saa nne na nusu. Amana ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa kwa upande wetu, Muhimbili iko mbele yake kidogo. Leo hii, kabla ya shida, ulizeni CT scan iko wapi na kama inafanya kazi usiku. Kitambulisho, kadi ya bima na paketi za dawa anazotumia mgonjwa vikae kwenye mfuko mmoja, mahali panapojulikana.

Kuna kiharusi kinachokuja na kuondoka. Mkono unakufa ganzi, ulimi unakuwa mzito, dakika ishirini baadaye mambo yanarudi sawa, na mtu anashukuru Mungu anaenda kazini. Huyo amepewa onyo, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anajiona mzima na hata kama atachekwa.

Na kwa wale ambao mgonjwa amesharudi nyumbani: mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Mlisheni akiwa amekaa wima, kidogo kidogo. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, daktari akisharuhusu, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na mtaalamu anaweza kuwafundisha mkayafanya wenyewe uani. Asiyeweza kusema si kwamba haelewi. Msijadili mbele yake habari za mirathi, wala msimsemeshe kama mtoto. Na mumtazame yule anayemuuguza, mara nyingi mke au binti wa kwanza, aliyeacha biashara yake na halali usiku. Naye apimwe presha. Aliyepata kiharusi kimoja yuko katika hatari ya cha pili, kwa hiyo vile vidonge alivyoviacha kabatini sasa havina mjadala.

Nimesema mengi, lakini kwa wiki hii nakuomba jambo moja. Nenda kapime, wewe na mtu mzima mmoja wa nyumba yako ambaye husema hana tatizo. Rudi na namba mbili. Ziandike kwa kalamu nyuma ya kalenda ya ukutani, pamoja na jina na tarehe, uache nafasi chini yake kwa kipimo kinachofuata.